Saiklini ni makanga wa seli, na ndigana kali ni mteka nyara

MAJUMA mawili yaliyopita nilikuwa Wamagana, kule Tetu, Kaunti ya Nyeri. Nilimkuta mzee mmoja jirani yetu akipasha chuma motoni. Mtamba wake alikuwa na homa, hataki kula, na tezi ya chini ya sikio imevimba.

“Mwalimu, hii ni ndigana kali. Nikichoma hapa, ugonjwa utatoka,” akaniambia.

“Guka, ngoja kwanza. Ugonjwa hauko hapo pekee.”

“Haya, niambie kwa lugha ninayoelewa: hapo ndani kunavimba nini?”

Swali hilo ndilo mada yetu leo. Kinachovimba ni seli nyeupe za damu zinazogawanyika bila breki.

Kwa kawaida seli haigawanyiki ovyo. Ndani yake kuna kimeng’enya kiitwacho kinasi. Umbo lake ni kama taya mbili zenye pengo katikati, na pengoni ndimo hukaa molekuli inayobeba nishati. Ila kinasi ikiwa peke yake hulala, kwa sababu utepe wa protini hiyo hiyo umeziba mlango wa pengo. Protini nyingine, saiklini, ikija na kuikumbatia, ule utepe husogea, mlango ukafunguka na kazi ikaanza. Hapo kinasi hubandika fosfati kwenye protini nyingine, nazo hupokea amri: nakili DNA, au gawanyika.

Nilimweleza Guka hivi: kinasi ni dereva wa matatu ya Nyeri, saiklini ni makanga. Dereva yuko kitini daima, lakini gari haliondoki mpaka makanga agonge bodi. Na kila steji ina makanga wake. Kazi ikiisha, seli humvunjavunja. Mwingereza Tim Hunt aligundua jambo hilo mwaka 1982 akichunguza mayai ya viumbe wa baharini wenye miiba: protini moja ilijaa, kisha ikatoweka kila seli zilipogawanyika. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2001, pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse.

Breki nazo zipo. DNA ikiharibika, protini iitwayo p53 huagiza nyingine, p21, ing’ang’anie dereva na makanga wake hadi ukarabati uishe.

Sasa basi, ndigana kali. Kupe wa sikio humwambukiza ng’ombe kimelea kiitwacho Theileria parva. Kimelea hicho huingia kwenye seli nyeupe na kuziwasha ishara za kuishi na kugawanyika, kana kwamba mtekaji ameingia garini na kugonga bodi mfululizo. Seli inapogawanyika, kimelea hujishikiza kwenye nyuzi zinazovuta kromosomu, nacho kikagawanywa ili kila seli mpya ipate sehemu yake. Watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, walieleza ugawanyikaji huo tangu miaka ya 1960.

Hili linafanana na saratani, ila kuna tofauti kubwa: dawa ya buparvakwoni ikiua kimelea, seli huacha kugawanyika. Mtekaji akitolewa, gari husimama. Ndiyo maana kuchoma tezi ni bure. Seli zilizotekwa zimekwisha kusambaa mwilini. Cha muhimu ni dawa mapema, kuzuia kupe, na ile chanjo iliyobuniwa Muguga.

Utafiti huu si mgeni Tetu. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alichunguza kimelea hicho hicho miaka ya 1970 akiwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipokwenda kukusanya kupe vijijini ndipo alipoona udongo umemomonyoka na ng’ombe wamekonda.

Baadhi yetu hudai Kiswahili hakimudu sayansi ya kiwango hiki. Mbona nilihitaji maneno machache tu ya mkopo, kama kinasi, saiklini na fosfati, na mengine yakatoka steji na zizini? Msomi asiyeweza kumweleza mwenye ng’ombe kinachomuua ng’ombe wake asiisingizie lugha.

Guka aliweka chuma chini, akamwita daktari wa mifugo. Jumatatu akanipigia simu: mtamba amekula majani. Kisha akauliza, “Hiyo chanjo ni pesa ngapi?”