Kabla ya Kufuta Wino, Ijue Rangi

Mwalimu wa historia anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wa Nachingwea au Ruangwa reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea hana pa kuwapeleka. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, mradi ukafa mwaka 1951, reli yenyewe ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Njia rahisi ni kuijenga upya darasani kwa vipimo vidogo: mbao laini, maboksi, gundi na rangi. Ajali huja mwishoni, wakati wa kuandika majina ya stesheni, maka peni inapoteleza na kuacha mstari wa bluu juu ya paa lililokwisha kupakwa rangi. Hapo kila mtu huulizia dawa ya kufuta wino. Kwa maoni yangu swali hilo limewahi mno. La kwanza ni rangi iliyo chini ya wino, kwa sababu habari za wino tunazijua tayari.

Wino wa maka ya kudumu, kwa aina nyingi zinazouzwa leo, ni rangi iliyoyeyushwa kwenye alkoholi pamoja na utomvu wa kunatisha. Alkoholi ikiruka, utomvu unashika. Maji hayaufanyi kitu, lakini spiriti ya duka la dawa huulainisha tena mara moja. Kitendawili ni kwamba spiriti hiyohiyo hulainisha pia rangi ya maji, ile ya kupakia kuta, na hata rangi nyingi za kopo la kupuliza. Rangi ya mafuta iliyokauka kwa wiki kadhaa huvumilia mguso mfupi wa spiriti, ila thina na asetoni huivimbisha na kuibambua. Kwa hiyo dawa iliyookoa paa la modeli moja inaweza kuliharibu la pili, ingawa wino ni uleule.

Jaribio la kuamua halina gharama. Kwanza futa vumbi kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, maana vumbi jekundu la huko likisuguliwa hukwaruza kama msasa. Kisha chovya pamba ya masikioni kwenye spiriti, ikamue, na uguse upande wa chini usioonekana. Pamba ikitoka nyeupe, endelea kwenye doa: gusa na kuinua, kutoka ukingoni kwenda katikati, ukibadilisha pamba kila inapopata bluu. Mara pamba inapoonyesha rangi ya paa, acha hapohapo. (Fanya kazi hii dirishani, mbali na jiko la mkaa, spiriti hushika moto upesi.)

Wapo watakaosema dawa ya meno inatosha. Kweli hutoa wino, lakini kwa kusaga: ina chembechembe ngumu zinazoondoa tabaka la juu pamoja na wino. Kwenye rangi isiyong'aa hubaki kiraka kinachometameta, na kwenye modeli kosa hilo huonekana zaidi kuliko ukutani. Kwa kipimo cha 1 kwa 100, kukwangua sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na kuchimba sentimita nzima kwenye jengo halisi. Wengine huchora juu ya doa kwa maka ya ubao mweupe na kufuta papo hapo. Hilo lina mantiki, kwani kimiminika kipya huyeyusha wino wa zamani, lakini hufaa juu ya rangi ngumu yenye mng'aro tu. Kwenye rangi ya maji isiyong'aa unaongeza doa la pili.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya wanaouliza kwa nini tusipake tu rangi upya. Mara nyingi wako sahihi, hasa pale pamba ilipokataa. Tatizo ni kwamba wino ukifunikwa kwa rangi ya maji huyeyuka na kupanda juu, na kivuli cha bluu hutokeza baada ya koti la pili, hata la tatu. Weka kwanza koti jembamba la prima ya mafuta, ambayo wino wa alkoholi hauyeyuki ndani yake kirahisi, uliache likauke usiku mzima, kisha upake paa lote kutoka ukingo hadi ukingo, kwa kuwa kiraka cha rangi mpya hakilingani na rangi iliyokwisha kupigwa na jua.