Bafle ya kutengeneza nyumbani: tusihesabu wati peke yake

Mukutano ya wachimbaji inaweza kuharibika juu ya bafle. Wa mbele anaziba masikio, wa nyuma hasikii kitu, na batri inakufa mbele ya maulizo. Yule mwenye hakusikia, kesho anashuka mu shimo bila kujua tulipatana nini juu ya usalama. Ndugu na dada wa Simi-Simi, nyinyi wenye munapigilia mbao na kutia spika za zamani ndani, tuongee kidogo.

Ku soko watu wanauliza: «Iko na wati ngapi?» Wati ni chakula yenye spika inaweza kula bila kuungua. Haionyeshe kazi yenye inafanya. Ku spika ya kawaida, ukiingiza wati 100, karibu 1 tu njo inatoka sauti. Zingine zinakuwa joto.

Uliza desibeli: sauti yenye spika inatoa na wati 1, ku metre 1. Spika ya desibeli 97 na wati 10 inalia sawa na ya desibeli 87 na wati 100. Ku batri ya volti 12, ya kwanza inakula karibu ampere 1, ya pili zaidi ya 8. Hesabu mwenyewe batri gani itafika mwisho ya mukutano.

Kisha, spika zipatane. Mbili za omu 8, ukizifunga sambamba, zinakuwa omu 4. Mbili za omu 4 zinakuwa 2, na ampli nyingi zinaungua pale. Ukichanganya ya 8 na ya 4 sambamba, ya 4 inakula mara mbili. Gusisha kila moja na pile ya volti 1,5: karatasi zote zitoke inje. Kama moja inaingia ndani, geuza waya zake, la sivyo besi inapotea.

Tarumbeta nayo inasaidia, sababu inaunganisha spika na hewa muzuri. Kule Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi yake Konono Nº1 walipazisha likembe na sumaku za magari ya zamani na tarumbeta za «lance-voix». Mu 2004 albamu yao, Congotronics, ilifika mpaka Ulaya.

Mbele ya mukutano, mutu mumoja aende kusimama nyuma kabisa, asikilize. Wa nyuma naye analipa mchango.