Usiku kina mama walipovaa kanzu Machakos

MSOMAJI, kama hujapata kumwona mwanamke wa miaka sabini na ushei amevaa kanzu ya marehemu mumewe, kofia ya vito imemkaa kisogoni na bakora mkononi, akitembea mbele ya wanawake wenziwe kama mtu atokaye kuswali Ijumaa, basi lipo jambo hujaliona. Mimi nami nilikuwa sijaliona, mpaka mwezi wa Agosti mwaka uliopita, mjini Machakos.

Najua utasema: Machakos tena? Sisi watu wa pwani tukilisikia jina hilo hufikiri baridi, vilima vya Iveti na Mua, na maembe ya kupakiwa malori. Twasahau kwamba njia ya misafara ilipita pale kabla ya reli. Kampuni ya Waingereza ya Imperial British East Africa iliweka boma lake pale mwaka 1889, karibu na kwa mzee Masaku ambaye mji umechukua jina lake, na wapagazi na askari wa misafara hiyo wengi wao walitoka kwetu. Makao ya serikali yalikuwa pale hadi 1899, yalipohamishiwa Nairobi kwa kuwa reli ilipita mbali. Wakubwa waliondoka. Waislamu wa mjini walibaki, na msikiti wao, na leso zao, na harusi zao.

Aliyenialika ni jirani yangu, mwanamke wa Kikamba aliyesilimu tangu usichana wake. Tulifundisha pamoja miaka mingi kabla ya sote wawili kustaafu. Wana chama chao, watu kama ishirini na watano: Waswahili wa mjini, Wakamba waliosilimu, Wanubi wawili watatu, na Msomali mmoja mwenye duka la nguo. Kazi yao hasa ni kuzikana na kuchangiana. Mmoja akifiwa hupikiwa, mmoja akioza huletewa fungu. Lakini ikifika harusi, usiku wa kuamkia siku ya bibi harusi kutolewa, hufanya jambo ambalo waume zao hulijua na hujifanya hawalijui. Huvaa kiume.

"Njoo tu," aliniambia. "Wewe ni mtu wa Mombasa, utatufundisha."

Niliona haya kumwambia ukweli. Mimi mzaliwa wa Mji wa Kale nimetimiza miaka sitini sijaingia ngoma ya namna hiyo hata moja. Babangu hakutaka. Na sababu ya babangu kutotaka nitaieleza hapo mbele, maana ndiyo iliyonipeleka.

Mlangoni alikaa msichana na kapu la ukili. Simu zote humo, hata ya mama mwenye nyumba. Zamani kulinda ngoma ya wanawake ilikuwa kazi nyepesi: ukuta mrefu, mlango wa komeo, na mzee mmoja mkali kizingitini. Siku hizi jicho la mwanamume laweza kuingia limelala ndani ya mkoba wa mwanamke. Niliitia yangu kapuni nikapewa kipande cha karatasi chenye nambari, kama mtu awekaye viatu.

Ua ulikuwa umefunikwa turubai. Baridi ya Agosti huko si mchezo, na mimi nilikwenda na buibui jepesi la pwani. Nilikiona cha mtema kuni. Palikuwa na majiko ya makaa manne, kahawa ya tangawizi, mahamri na mbaazi za nazi, na kando yake sufuria kubwa ya muthokoi, maana harusi ya Machakos bila muthokoi Wakamba hawataiita harusi. Matari mawili, chapuo moja, na pembe za vugo zilizoletwa kutoka Mombasa na mtu ambaye hakuna aliyemkumbuka.

Walianza kwa mchezo. Akatoka "bwana harusi" amevaa joho la kuazima, akapelekwa kuposa. Akatoka "mume" wa kukaa barazani, mguu juu ya mguu, ambaye mtoto analia, chungu kinaungua, naye anauliza chumvi iko wapi. Akatoka mwingine aliyerudi safari baada ya miezi mitatu na zawadi ya pakiti moja ya biskuti. Tulicheka hadi machozi. Lakini lililonishangaza si mavazi. Kanzu ni nguo, humkaa yeyote. Ni miguu. Wanawake hawa, ambao nawajua kwa hatua zao fupi za sokoni, walikuwa wakitembea kwa upana, wakikaa magoti mbalimbali, wakikohoa kabla ya kusema. Miaka arubaini ya kumtazama mtu akiingia na kutoka nyumbani si bure.

Miguu na viatu ndivyo visivyodanganya. Huenda mnakumbuka kisa cha Aprili 2023, kijana wa miaka 25 alipoingia mashindano ya sataranji ya Kenya Open huko Nairobi, upande wa wanawake, amevaa buibui na nikabu na miwani, kwa jina la uongo. Hakusema neno. Alishinda kupita kiasi, na waandalizi wakaanza kutazama viatu vyake. Yule alivaa kwa ajili ya pesa za zawadi, akalivunjia heshima vazi la watu. Mle uani hakuna aliyekuwa akimdanganya mtu.

Kisha akatoka yule mjane niliyemtaja mwanzo. Yeye hakufanya mzaha. Alipita uani taratibu, akichechemea kidogo kwa mguu wa kushoto, akagusa mwimo wa mlango kwa kiganja, akakohoa mara mbili, akasema kwa sauti nzito, "Nyumba hii hamna chai?" Waliomjua marehemu walipasua kicheko, kisha kicheko kikakatika. Binti yake mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa juu ya sinia. Matari hayakupigwa kwa muda. Mjane mwenyewe akaketi, akavua kofia, akaikunja, akaomba kahawa kwa sauti yake ya kila siku.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mamangu.

Wasomaji wakubwa wa Mombasa hawahitaji kuelezwa lelemama. Kwa vijana niseme kwamba kuanzia mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1960 vyama vya ngoma hiyo vilikuwa ndiyo baraza la wanawake wa mjini. Vilikuwa na viongozi, vyeo, sare, na mahasimu. Wanaume walikuwa na beni zao, Kingi na Scotchi na nyinginezo, wakiiga bendi na gwaride za Wazungu. Wanawake nao wakaichukua beni wakaitia katika lelemama. Wakavaa sare za kijeshi na za manowari. Ibinaal Watan na Banu Saada walishindana hadi mitaa ikagawanyika. Margaret Strobel, Mmarekani aliyekaa na wazee wetu na kuandika kitabu kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, kilichochapishwa 1979, aliona kwamba humo wanawake walijifunza kuongoza, kuchanga fedha na kupanga mambo. Wengine wao ndio walioanzisha vyama vya maendeleo vya wanawake Waislamu mwishoni mwa miaka ya 1950.

Lakini tusijipambe. Ushindani ule ulikula mali. Watu waliuza dhahabu ili chama chao kisishindwe kwa nguo na vyakula. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikemea israfu ya ngoma na tabia ya kuwaiga Wazungu, na hakusema bila sababu. Babangu alikuwa mtu wa maneno hayo. Alipomposa mamangu sharti lilikuwa moja: ngoma basi. Mamangu akakubali, akatimiza, na hata siku moja sikumsikia akisema lolote juu ya lelemama. Alipofariki tulifungua kasha lake. Chini kabisa, ndani ya leso iliyofifia, palikuwa na picha moja na mkanda mweupe wa kitambaa kigumu wenye kifungo cha shaba. Katika picha mamangu ana miaka kumi na minane hivi. Amevaa sare ya baharia, kofia imeelekezwa upande, mikono nyuma, kidevu juu. Sikupata kumwona mamangu akiinua kidevu namna ile.

Picha hiyo nilikuwa nayo mkobani usiku ule. Sikujua nitamwonyesha nani.

Jirani yangu aliniletea kanzu. "Zamu ya wageni," alisema. Nikasita. Sisi sote tunaijua hadithi aliyoipokea Ibn Abbas, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwalaani wanaume wajifananishao na wanawake na wanawake wajifananishao na wanaume. Nikamtajia. Hakukasirika. Alisema Wakamba nao wana mambo yao. Katika ngoma ya kilumi mtu akipandwa na pepo wa kigeni huomba vitu vya kabila la pepo huyo, jambo ambalo hata Mswedi Gerhard Lindblom aliliandika zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nasi pwani tuna yetu, msomaji, usijifanye hujui: katika kilinge mwanamke akipandwa na pepo wa kiume hutakiwa kanzu na fimbo. "Lakini sisi hapa hatuna pepo," jirani yangu akasema. "Tuna waume tu."

Akanieleza pia habari ya iweto, ambayo mimi mgeni wa miaka thelathini Machakos nilikuwa sijaielewa sawasawa. Kwa mila ya Kikamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume aweza kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwingine, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na jina lisife. Si mambo ya chumbani. Ni mambo ya urithi. Wanandi nao wana ndoa ya namna hiyo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu iliyokaa Mombasa, ndiyo, kwetu Mombasa, iliikubali katika kesi moja ya mirathi. "Nyanya yangu alikuwa mume," alisema, "na hakuvaa suruali hata siku moja. Sisi twavaa usiku mmoja, na kesho sote ni wake."

Sheria yetu ya ndoa haina nafasi ya jambo hilo, naye alijua. Alikuwa akinionyesha tu kwamba nguo ni jambo moja na cheo ni jambo jingine. Sikuwa na jawabu. Wala kanzu sikuivaa. Nilijifunga kikoi juu ya gauni, nikashika bakora, nikapita uani mara moja kama babangu, mikono nyuma. Walipiga vigelegele kwa adabu. Nilijua sikupatia.

Kabla sijaketi, mlio wa simu ukasikika.

Msomaji, sijapata kuona ua unyamaze vile. Wenye kanzu walijitupia leso kwa dakika moja. Mjane alikwisha kuwa nyuma ya mlango. Msichana wa miaka kama kumi na saba alisimama akitetemeka, simu mkononi; hakuwa amepiga picha, alisema, alisahau tu kuitoa. Huenda ni kweli. Lakini wanawake wale wana wakwe, wana vijana wanaosoma madrasa, na mmoja mumewe ni mtu mkubwa msikitini. Picha moja ikitoka mle, hakuna atakayeuliza mlikuwa mkicheza nini. Ajuza mmoja, mkongwe kuliko wote, ambaye usiku kucha alikuwa kimya juu ya mkeka, aliita simu iletwe. Akaitia ndani ya birika la kahawa, akafunika kifuniko.

"Nitakulipa," alimwambia yule msichana. "Piga matari."

Nilimfuata ajuza huyo baadaye, maana lafudhi yake haikuwa ya Machakos. Alizaliwa Kuze, akaolewa bara mwaka 1961. Nikatoa picha. Aliisogeza karibu na taa, akaitazama muda mrefu, kisha akafyonza.

"Hawa walikuwa maadui zetu," alisema. "Wewe ni mtoto wa huyu?"

Nikasema ndimi.

"Tulikuwa twaimbiana vijembe mchana kutwa. Usiku twaazimana, maana nyumba zetu zilikuwa zatazamana. Mkanda huu si wao, tazama kifungo. Ni wangu. Mamako aliniazima siku ya gwaride, kisha akaposwa, hakutoka tena."

Siku ya tatu yake nilimpigia simu ustadhi wangu wa Mombasa, nikamweleza yote ila majina. Aliniuliza kama palikuwa na mwanamume. Nikasema hapana. Akasema mzaha hauondoi katazo, na kwamba kama ningemuuliza kabla ya kwenda angenizuia. "Lakini nyinyi," alisema, "huuliza baada." Kisha nikamuuliza la pili: kitu cha kuazima kilichokaa kwa maiti miaka zaidi ya sitini, je, mrithi afanyeje? Hilo alilijibu upesi. Amana hurudishwa kwa mwenyewe.

Mkanda ungali ndani ya kasha, Mombasa. Nitashuka mwezi wa Rajabu kuuchukua. Ajuza amekwisha nitumia salamu mara mbili kuuliza kama kifungo kimeota kutu.