Kivuli Kinachowafunika Walio Mbali

Mtu akisimama uwanjani mjini Goma wakati wa adhuhuri, katikati ya mwezi wa Machi, jua huwa juu ya utosi wake, na kivuli chake hakionekani ila nyayoni. Mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri chaelekea kusini, upande wa ziwa Kivu. Mwezi wa Desemba chaelekea kaskazini, upande wa mlima Nyiragongo. Hicho ndicho kivuli cha macho: mahali ambapo mwili umezuia nuru.

Lakini kuna na kivuli cha maneno. Mwoga huogopa kivuli chake mwenyewe. Mtunga zaburi aliona kifo kuwa kama kivuli bondeni, tena akamwona Mungu kuwa kivuli cha kukimbilia. Nao wazee walinena: Kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Mvumo ni mti mrefu sana. Aliye shinani huchomwa na jua, na aliye mbali hupumzika. Methali hiyo husemwa kwa lawama, juu ya mtu awafaaye wageni akawaacha jamaa zake. Hata hivyo yaweza kuwa sifa.

Mwaka 2007 alikuwapo Goma kijana wa miaka 26, Floribert Bwana Chui, mtumishi wa ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Alikuwa mwana wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akiwasaidia watoto wa mitaani. Akaahidiwa fedha ili apitishe chakula kilichoharibika. Alikataa, kwa kuwa kingewadhuru walaji. Mwezi wa Julai alitekwa, akauawa. Tarehe 15 Juni 2025, kule Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Nyumbani kwao palibaki msiba. Waliofunikwa na kivuli chake ni watu asiowajua, waliopika na kula kwa amani pasipo kujua wameokolewa na nini.

Katika Matendo ya Mitume twasoma kwamba wagonjwa walilazwa njiani, ili Petro akipita, walau kivuli chake kiwaangukie. Basi, ewe mwanafunzi, siku utakapouziwa majibu ya mtihani. Nawe baba, siku utakapopewa bahasha kazini, kumbuka: kivuli chako chamwangukia mtu usiyemwona. Je, kitampumzisha, au kitamtia gizani?