Je, Wajua? Diski kubwa ni spana ndefu

Ukitoa diski ya breki ya milimita 280 na kufunga ya milimita 330, pedi hubana mbali zaidi na kitovu cha gurudumu. Kwa mguu uleule kwenye pedali, breki hukamata kwa karibu moja ya tano zaidi. Kalipa za alumini, kama zile za Brembo kwenye Subaru Impreza WRX STI, hupunguza uzito usiobebwa na springi. Ila alumini hupinda kirahisi kuliko chuma, ndiyo maana huundwa nene. Pistoni za kalipa zikizidi uwezo wa masta silinda ya zamani, pedali huzama. Na rimu ndogo za inchi 15? Kalipa hiyo haiingii, hata uibembeleze.