Saa 200 za Mkekani

Marekani, anayetaka kuitwa mwalimu wa yoga hupitia saa 200 za mafunzo. Kiwango hicho kiliwekwa na Yoga Alliance, chama kilichoanzishwa mwaka 1999, na ingawa sheria haimlazimishi mtu kukifuata, studio nyingi hazimwajiri asiye na cheti. Wapo wanaozimaliza saa hizo kwa mwezi mmoja mfululizo. Wengine huzigawa wikiendi kwa wikiendi kwa miezi sita au zaidi, maana ni watu wenye kazi zao: wauguzi, walimu wa shule, wahasibu, akina mama ambao watoto wameshakua. Sehemu kubwa ya muda huishia kwenye mikao, mifupa na pumzi. Falsafa na maadili hupewa saa 30 hivi, na maneno mengi huzuka humo.

Jamii hii ndogo ina taratibu zake. Viatu huachwa mlangoni. Watu huketi chini kwa duara, mkufunzi akiwa mmoja wao, na kikao hufunguliwa kwa kila mtu kutaja jina lake na kueleza ameamkaje, anayesema hakatizwi. Huimba Om pamoja. Anayelia haendewi kukumbatiwa mpaka aulizwe kwanza. Yanayosemwa ndani hayatoki nje. Mtu wa pwani aliyechezwa unyago hahitaji kuelezwa zaidi: kuna somo, kuna wari, kuna siri ya ndani, na atakayetoka humo atatazamwa kwa jicho jingine hata kama hakuna kikubwa alichobadilika.

Desturi mojawapo ni changa. Pembeni mwa mkeka utaona kijipande cha mbao au plastiki, ukubwa wa sarafu. Upande mmoja unamwambia mwalimu kuwa anaweza kumgusa mwenye mkeka ili kumnyoosha mgongo au kumshusha bega. Upande wa pili unamwambia asimguse. Mwanafunzi hukigeuza wakati wowote, hata katikati ya somo, wala haulizwi sababu. Kimetokana na machungu. K. Pattabhi Jois wa Mysore, India, aliyefariki mwaka 2009, alikuwa gwiji wa yoga ambaye wanafunzi walivuka bahari kumfuata. Miaka kadhaa baada ya kifo chake wanawake walijitokeza hadharani kumshutumu kwamba aliwadhalilisha kwa mikono kwa kisingizio cha kuwarekebisha mikao. Tangu hapo ule utii wa kufumba macho mbele ya guru umeanza kuhojiwa, na kijipande kile ni sehemu ya majibu.

Katika zile saa za falsafa, kitabu kinachosomwa kwanza ni Yoga Sutra za Patanjali, mhenga wa kale wa India, semi fupifupi 195 au 196 kutegemea nakala. Mgeni hushangaa kukuta kuwa mikao, ile anayoiona kwenye matangazo, imegusiwa katika semi 3 hivi tu. Patanjali anataja viungo 8 vya yoga, na mkao ni cha tatu. Kabla yake kuna nidhamu ya nafsi, na kabla ya hiyo kuna yama, miiko 5 ya kuishi na watu: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuzuia matamanio ya mwili na kutolimbikiza.

Mwiko wa kutoiba ndio unaowasha moto. Mazungumzo huanza kwa upole. Mmoja anasema yeye ni mchelewaji, kwa hiyo huiba muda wa wenzake. Mwingine anasema hujiibia usingizi. Kisha anazungumza mtu, aghalabu yule aliyekuwa kimya tangu asubuhi, anauliza kama yoga yenyewe wanayoinunua si mali ya wizi. Ada imepita dola 2,000. Mhindi hayumo ukumbini, au yumo mmoja na sasa macho yote yamemgeukia. Weusi wanahesabika kwa vidole. Na ukumbi uko ghorofa ya pili, jengo halina lifti, kwa hiyo mtu wa kiti cha magurudumu hakuwahi hata kufikiriwa.

Maswali haya yana wenyewe. Michelle Cassandra Johnson, Mmarekani Mweusi, aliyaandikia kitabu, Skill in Action, mwaka 2017. Susanna Barkataki, mwenye asili ya India, alifuata mwaka 2020 na Embrace Yoga's Roots. Tena Weusi hawakuingia yoga juzi. Maktaba ya Bunge la Marekani inayo picha ya mwaka 1973 ya Rosa Parks, yule aliyekataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi la Montgomery, akiwa kwenye mazoezi ya yoga. Angela Davis naye alifanya yoga gerezani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukisikia yoga ya Marekani ni suruali za kubana na akina dada wa California, umesimuliwa nusu.

Kinachonitia shaka ni kukiri. Duara limegeuza kukiri kuwa ibada: kila mtu anataja upendeleo aliozaliwa nao, wenzake wanatikisa kichwa, wanavuta pumzi ndefu, halafu wanakunja mikeka wakaenda kula. Ada inabaki ile ile na ngazi ziko pale pale. India nayo husemwa kana kwamba ni kijiji kimoja chenye amani, kilichoibiwa na wageni tu.

Ndiyo maana naona somo lenye manufaa zaidi ni lile la Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, likifundishwa bila kupakwa asali. Arjuna yuko uwanja wa vita wa Kurukshetra, anawaona ndugu na walimu wake upande wa pili, anaweka upinde chini. Mungu Krishna, anayemwendeshea gari la farasi, anamwambia apigane, kwa sababu yeye ni wa tabaka la wapiganaji na huo ndio wajibu wake. Gandhi aliisoma habari hiyo kama vita vya ndani ya moyo, akaitegemea maisha yake yote. Mwezi Machi 1930 alipoanza safari ya miguu kutoka Sabarmati kwenda Dandi kuvunja sheria ya chumvi ya wakoloni Waingereza, alikuwa ameshatafsiri Gita kwa Kigujarati. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii iliyoitwa ya wasioguswa, aliisoma Gita hiyo hiyo akaona utetezi wa matabaka. Machi 1927 aliongoza maelfu ya watu wa jamii yake kunywa maji ya bwawa la Mahad walilokuwa wakizuiwa, na Desemba mwaka huohuo wafuasi wake walichoma hadharani Manusmriti, kitabu cha sheria za matabaka. Mwaka 1956 akahamia Ubuddha pamoja na umati mkubwa.

Hapo wanafunzi hujikuna vichwa. Walikuja wakijiandaa kuiomba India radhi, sasa wanaulizwa: India ya nani? Na Gandhi mwenyewe, aliyeishi Afrika Kusini tangu 1893 hadi 1914, aliandika huko maneno ya kuwadharau Waafrika. Kwa sababu hiyo sanamu yake iliondolewa Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2018. Mkufunzi mzuri haharakishi kuwatoa kwenye mkanganyiko huo.

Nairobi nako swali la yoga ni ya nani lina mkunjo wake. Africa Yoga Project, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Mmarekani Paige Elenson, huwafundisha ualimu wa yoga vijana wa mitaa ya kipato cha chini, nao hurudi kufundisha watu wao. Kazi inaonekana na ajira zimepatikana. Lakini Wahindi wamekuwa Nairobi tangu reli ilipofika, na mahekalu yao yako hapo hapo. Kumbe ilibidi yoga izunguke Marekani kwanza ndipo imfikie kijana wa Mathare.

Huko Marekani hoja imerudi kwenye pesa, ilikostahili kuwa tangu awali. Baadhi ya studio sasa zina ada za ngazi: mwenye uwezo hulipa zaidi, asiye nao hulipa kidogo, na hakuna anayedaiwa hati ya benki. Nyingine zimetenga nafasi za ufadhili kwa Weusi. Mwaka 2020 janga la korona lilipofunga milango, Yoga Alliance iliruhusu mafunzo ya mtandaoni, na mtu wa Detroit akaweza kusoma falsafa kwa mwalimu aliye India. Ukimuuliza mwenye studio anazionaje ada hizo za ngazi, atakwambia ni njema, kisha atakutajia kodi ya jengo.