Ripoti ya Kazi Iliyofukiwa



Wengi wetu tumepata kuchaguliwa kwenda kukagua kazi ya chama: ghala, kisima au sakafu ya kuanikia karafuu. Kwenda ni rahisi. Kazi ni kuandika ripoti.

Na tutazame mbali kidogo na visiwa vyetu, Manyovu, katika milima ya Kigoma mpakani na Burundi, ambako hulimwa kahawa. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kukopesha fedha za kutia lami barabara ya Kabingo hadi Manyovu, kupitia Kibondo na Kasulu, kiasi cha kilomita 260. Kazi iligawanywa vipande 4. Kile cha Kasulu hadi Manyovu ni kilomita 68.

Barabara ya lami ikikamilika, mpita njia huona lami tu. Chini yake mna kokoto, chini ya kokoto kifusi kilichoshindiliwa, na chini zaidi makalvati ya kupitisha maji. Hayo yakisha kufukiwa, hapana jicho liwezalo kuyaona. Kinachobaki ni karatasi ya aliyekuwapo siku ile: tarehe, mahali, unene uliopimwa, na jina la aliyepima.

Nasi vivyo hivyo. Niliwahi kutumwa kukagua sakafu ya kuanikia. Nilifika saruji imekwisha mwagwa, nikaandika: "Kazi ni nzuri." Fundi akalipwa kwa neno langu. Mvua ya kwanza sakafu ikatitia upande mmoja, maji yakatuama, na karafuu za watu zikaharibika. Tulipoivunja, chini hamkuwa na mawe. Sikukusudia kusema uongo, niliandika nisichokiona.

Basi ukitumwa, shika haya. Nenda kabla saruji haijamwagwa. Chukua futi ya kupimia. Andika palepale, usingoje jioni. Tenga mbalimbali uliyoyaona, uliyoyapima, na uliyoambiwa na fundi. Ukikuta kitu kimekwisha funikwa, andika "Sikukiona", si aibu. Taja la kurekebishwa, nani atalirekebisha, na lini. Msomee fundi, mtie sahihi nyote wawili, na nakala moja ibaki chamani.

Halmashauri ikipata ripoti ya namna hiyo, yaweza kuzuia malipo kabla ya hasara. Neno "nzuri" peke yake halizuii hata shilingi moja.